Kaka Amebadilisha Maombi Yangu

Jumanne, Masuguru

Ualimu! Miezi mitatu nasomea mtihani wa kujiunga na kozi ya sheria, leo nafungua maombi yangu ya chuo mtandaoni pale steshenari, nakuta yameandikwa ualimu.

Kaka Rajabu peke yake ndiye aliyejua neno langu la siri. Nikampigia, yuko Mkata.

"Nimekusaidia," akasema bila aibu. "Nani atampa kesi mtoto wa kike wa Handeni?"

Nikakata simu. Mbele za watu huwa ananiita wakili, kumbe ananicheka.

Nimerudisha sheria, nikabadilisha neno la siri. Dirisha la maombi linafungwa kesho. Kesho!

Mtihani ni Jumamosi. Sasa naogopa kuliko jana, maana nikifeli atasema alijua.