Rejeta Ilipochemka Njia ya Geita

Geita, Jumanne

Mama Neema mpenzi,

Nakusalimu wewe na watoto. Jana nikimpeleka mama yangu hospitali, homa ikimtetemesha, rejeta ya gari ilichemka porini. Fenibelti, ule mkanda wa feni, ilikuwa nzima; mpira wa maji ndio uliopasuka. Niliufunga kwa kipande cha tyubu, nikakimbilia kisimani na debe.

Bibi mmoja akalizuia debe. "Unaomba maji bila salamu? Ng'ombe wangu wana kiu na wanasubiri. Gari lako ni nani hata linywe kwanza?"

Nikamwamkia. Akaniuliza habari za nyumbani, za mifugo, za mvua. Nilitamani kulia. Ndipo akaniachia debe, nikachota.

Niliporudi, rejeta ilikuwa imepoa. Bila salamu zile, kwa haraka yangu ningeifungua ikichemka, mvuke ukanibabua uso.

Mama amelazwa, homa inashuka. Nitakuletea uso uleule unaoujua.

Wako,
Baba Neema