Tembo Aliyekula Matoleo ya Shukrani

Mikumi,
Jumatano baada ya Ubatizo wa Bwana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, Mama. Tumsifu Yesu Kristo. Nakuona kabisa ulivyokaa hapo jikoni kwetu Ufipa, unamngoja mdogo wangu Oliva akusomee barua kwa sababu miwani umeikalia tena. Mwambie asome polepole. Goti linasemaje? Na Baba, kile kikohozi kimemwacha? Sisi huku wote wazima. Neno hilo la wazima nimelitanguliza makusudi, maana nitakayokueleza yatakufanya uniulize tena na tena kama ni kweli tumepona. Naandika harakaharaka, ndiyo maana mwandiko uko hivi.

Huku parokiani hatufungi Noeli kimyakimya. Jumamosi mchana kunakuwa na tafakari, watu wanakaa kanisani wakitazama mwaka ulivyowaendea, na jioni kila jumuiya inaleta matoleo ya shukrani kutoka mashambani. Jumapili baada ya misa ndipo tunabomoa pango la Noeli. Safari hii pango lilijengwa nje, ubavuni mwa kanisa, kubwa la kuingia watu, kwa kuwa wenzetu wa Kidodi walituletea miwa mibichi ya kujengea kuta. Lilipendeza, siwezi kusema uongo. Na kwa vile kanisani vyombo vya kwaya vilikuwa vimejaa, matoleo yote tukayapanga humo pangoni, mbele ya Mtoto Yesu. Mikungu ya ndizi mbivu, matenga ya maembe, mananasi, matikiti. Mimi nilipeleka mkungu mmoja, mama mkwe akanirudisha nyumbani nikachukue na wa pili, ule niliokuwa nimeuweka wa kuuza. Nilinuna njia nzima.

Sasa fikiria, Mama. Ndizi mbivu na maembe ndani ya nyumba ya miwa, hapa Mikumi, jirani na hifadhi. Hakuna aliyeuliza. Padre hakuuliza, wazee wa parokia waliozaliwa hapahapa hawakuuliza, na mimi niliyefundishwa tangu nilipoolewa huku kwamba embe bivu halilazwi nje, nami nilinyamaza. Tembo walikuwa hawajaonekana upande wa kanisa kwa muda mrefu, tukawachukulia kuwa ni wa kutazamwa na wageni kule barabarani. Mazoea yana taabu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ungekuwapo wewe, ambaye tembo hujawahi kumwona, ungeuliza swali moja tu na sote tungeshtuka.

Mama mkwe wangu, Bibi Paskalina, unamjua kwa yale ninayokusimulia kwenye simu. Amezaliwa Kimamba, kwenye makambi ya mkonge, na maneno yake ni ya kuhesabu. Siku zote za Noeli anakwenda pangoni kabla hakujapambazuka vizuri kusali rozari. Mume wangu Gasto naye alikuwa ameshaondoka kurudi Kidodi kwenye lori lake la miwa, na pale mlangoni aliniambia, "Nimekuachia mama yangu." Basi.

Jumapili Bibi alitangulia kama kawaida yake. Jumuiya yetu ndiyo ilikuwa na zamu ya kufagia, kwa hiyo nikamfuata na ufagio wangu, kumeshaanza kuwa kweupe. Kwenye kona ya kanisa nilimkuta katekista wetu, Mzee Benedikto, amesimama. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitika. Mzee yule haachi shikamoo ya mtu ipite hivihivi, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Nikatazama anakotazama. Juu ya ukuta wa pango niliona mgongo wa tembo. Kichwa kilikuwa ndani. Na katikati ya miwa niliona kitenge cha buluu cha mama mkwe wangu.

Ufagio ulinidondoka, nikaanza kwenda. Sijui nilikuwa nakwenda kufanya nini, Mama, mtu anampiga tembo na nini? Mzee Benedikto akanidaka, mkono mmoja kiunoni na mwingine mdomoni, na pamoja na uzee wake nilishindwa kumponyoka. Akaninong'oneza, "Ukienda utamgeuza. Mwache ale."

Tukasimama hivyo. Nilisikia matikiti yanapasuka. Niliona mkungu wangu unainuliwa, kisha ule wa pili, na mimi niliyenuna jana yake nikawa namwomba Mungu ndizi zisiishe. Bibi alikuwa amejibana kwenye kona ya pango, nyuma ya hori, ile sanamu ya Mtoto Yesu ameifunga kifuani kwa kitenge. Alikuwa akinitazama kupitia upenyo wa miwa, anatikisa kichwa taratibu. Nikajua ananiaga. Nikawaza nitamwambia nini Gasto.

Mwisho tembo aling'oa fungu la miwa, ukuta ukaanguka upande wa nje, akageuka na kwenda zake porini bila haraka, kama mtu aliyetoka kwenye karamu. Mzee Benedikto akaniachia. Nilikimbia, lakini sikuwahi kufika. Bibi alitoka mwenyewe, anajipangusa maganda. Mimi nalia, yeye ananiambia niokote ufagio.

Askari wa wanyamapori walipigiwa simu wakafika, wakatazama nyayo, wakatueleza kwa upole yale ambayo sote tulikuwa tunayajua. Watu wa misa wakawa wanakuja wakishika midomo. Punda wa pango hana kichwa, wachungaji wamekanyagwa, tunda halikubaki hata moja. Wazee walimwuliza Padre kama hiyo misa ya shukrani bado ipo. Alikuwa amepauka. Akasema ipo. Jumuiya zikaandamana hadi altareni na vikapu vitupu, na kwaya iliimba vibaya. Wakati wa mahubiri Padre alisema maneno aliyoyaandaa hayamfai tena, mwenye shukrani asimame aseme.

Kisha akasimama Bibi Paskalina, sanamu bado iko kifuani.

"Kwanza nashukuru mlileta vingi," alisema. "Mngekuwa wachoyo, yule angemaliza mapema akaanza kunitafuta mimi."

Watu walicheka, cheko la watu waliokuwa wamebana pumzi tangu asubuhi. Akawangoja wamalize.

"La pili, yule tembo mimi sikumwogopa sana, nimeshazeeka. Nilimwona huyu mkwe wangu anakuja. Namkataza kwa kichwa, haelewi. Hapo ndipo nilipoogopa. Mzee Benedikto, Mungu akulipe. Ulinishikia mwanangu."

Akakaa. Kanisa zima likanigeukia, na mimi nilikuwa nimejifunika uso kwa khanga. Kumbe hakuwa ananiaga, Mama. Alikuwa ananifukuza nisife.

Msalimie Baba, lakini haya asomewe akiwa ameshakula. Msalimie Mjomba fundi baiskeli na mkewe, Shangazi wa kigangoni mwambie rozari aliyonipa ninayo, na Oliva asante kwa kusoma, pole kwa mwandiko. Najua utasema nirudi nyumbani. Naomba usiseme.

Nilisahau habari ya Gasto. Nilimpigia baada ya misa, akapokea yuko kwenye foleni ya malori. Nikasema tu kwamba tembo ameingia pangoni, na kabla sijafika kwenye habari za mama yake, mama yake mwenyewe akaninyang'anya simu. Sijui Gasto alikuwa anauliza nini huko. Nilichosikia ni Bibi akimjibu, "Mkeo hajambo. Nimekutunzia."

Ni mimi mwanao akupendaye,
Editha