Njia Tatu na Mkuu Tak

Jumatatu, 4 Novemba

Wamenipa mimi! Mimi, karani, ninayeandika mihtasari ya vikao na kuagiza wino wa printa!

Kikao cha asubuhi kilikuwa kilekile cha wiki zote. Mkuu Tak, mhandisi wetu mkongwe, na mhandisi mwenzake Bi. Yeom wakibishana juu ya zana ya ujenzi — ile inayochukua msimbo wa wahandisi, kuupima na kuufunga uwe programu kamili ya kumpelekea mteja. Zana hiyo haijui kila kitu. Kazi za ziada inafundishwa kwa programu-jalizi, na hapo ndipo penye ugomvi: programu-jalizi ziandikwe wapi? Mkuu Tak anaziandika moja kwa moja ndani ya faili la ujenzi la kila mradi. Miaka kumi na moja sasa. Bi. Yeom anataka ziwe mradi wa peke yake, miradi mingine iziite kwa jina tu. Kuna na njia ya katikati, folda maalumu ndani ya mradi, ambayo haina mtetezi.

Leo Bi. Yeom alisema faili la Mkuu Tak linanuka kama friji la bwenini. Mkuu Tak akamjibu, "Na ndilo lililokulisha tangu uajiriwe, dada." Watu wakacheka huku wameinamisha vichwa. Meneja Maeng hakucheka. Akafunga kalamu yake. "Basi. Achague asiye na upande. Da-in, zijaribu zote tatu, Ijumaa ya wiki ijayo utuambie."

Nilidhani anatania. Nikaangalia kama kuna anayetabasamu. Hakuna!

Nilisoma takwimu chuoni. Msimbo nausoma kidogo — kuusoma, si kuuandika. Na mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi huu. Ama niajiriwe moja kwa moja, ama nifungashe virago. Anayetia sahihi ni huyohuyo Maeng.

Jumanne, 5 Novemba

Sikulala vizuri. Mama amepiga simu kuuliza kama nimevaa soksi nzito. Sikumwambia kitu.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimejaribu.

Njia ya kwanza, ya Mkuu Tak: nimeandika mistari michache ndani ya faili, nikaendesha, ikafanya kazi! Nimefurahi kama mtoto. Nikamuuliza, na mradi wa pili nao ukiitaka? "Unanakili, binti. Mikono si unayo?"

Njia ya pili, ya folda: nadhifu, nimeipenda. Kisha nikabadilisha neno moja tu la ujumbe ulio ndani yake. Neno moja! Zana ikaanza kujenga kila kitu upya toka mwanzo. Nimekwenda kununua chai, nimerudi, bado inajenga. Ni kama kubadilisha kitasa cha mlango ukakuta wamebomoa na ukuta.

Ya tatu nilikwama. Bi. Yeom akavuta kiti. "Haiumi. Unaiandika pembeni, unaipima peke yake, unaipa namba ya toleo. Anayeitaka anaita jina na namba. Ukirekebisha, unarekebisha mara moja." Jioni ikakubali. Ndefu, inachosha, lakini nimeielewa.

Ijumaa, 8 Novemba

Siamini. Nimeangalia mara nne.

Ili nilinganishe vizuri, nilifungua nakala za Mkuu Tak kwenye miradi yote tisa. Zinapaswa kufanana. Hazifanani! Kwenye miwili, ule mstari unaosimamisha kazi kipimo kinapofeli — haupo. Vipimo vinafeli, zana inawasha taa ya kijani kana kwamba vimefaulu, programu inakwenda kwa mteja. Mmoja ni ule wa kliniki za meno. Zimeenda hivyo tangu lini?

Nilimwonyesha. Nilidhani atanifokea. Aliisogeza miwani, akasoma, akasoma tena. "Miradi mingapi?" Miwili, Mkuu. Akakaa chini polepole. "Nilinakili kwa mkono," akasema. Basi. Mistari yote miwili ameirudisha leo hii, na amewaandikia wateja kabla hajavaa koti la kwendea nyumbani. Mimi ningejificha chooni.

Kwa hiyo ni njia ya tatu. Haina ubishi. Nimelala — hapana, nitalala — nikijua jibu.

Jumatatu, 11 Novemba

Siku ya vijiti vya chokoleti, kila 11/11 watu hupeana. Kila meza ina pakiti. Mkuu Tak amenipa yangu, imefungwa utepe. Binti yake mdogo ndiye aliyefunga, anafanya mtihani wa kuingia chuo kikuu Alhamisi hii. "Nyumbani kwangu sasa hivi tunatembea kwa ncha za vidole," akasema. "Hata kupiga chafya tunaomba ruhusa."

Baadaye jikoni nikamwambia Bi. Yeom nimeshaona jibu, atafurahi. Hakufurahi. Akafunga mlango.

"Da-in, hivi hujui? Njia ya tatu ikipita, kazi ya kutunza yale mafaili imekwisha. Mkuu Tak anahamishiwa kwenye ghala la kampuni kule Icheon."

"Kuhesabu maboksi?"

"Kuhesabu mpaka aandike mwenyewe barua ya kuacha kazi. Ndivyo wanavyowaondoa wakongwe."

Nani kaamua? Maeng, akasema. Lakini chuoni Maeng alikuwa miaka ya nyuma ya Tak, na Tak ndiye aliyemwingiza kwenye kampuni hii. Mpaka leo wakinywa Maeng anamwita kaka. Atamwondoaje kwa mkono wake, watu wakiona?

Kwa mkono wangu! Karani asiye na upande. Nani atamlaumu karani?

"Mimi nilitaka msimbo safi tu," Bi. Yeom alisema. Alikuwa anavunjavunja kijiti cha watu. "Sikutaka mtu aondoke."

Nimerudi mezani nikaandika muhtasari wa kikao cha viti vya ofisi. Sikumbuki nilichoandika.

Jumatano, 13 Novemba

Ninaweza kusema njia ya kwanza. Naweza? Kisha mstari upotee tena kwenye mradi mwingine, nami nilijua.

Naweza kuugua. Sijawahi kuugua kwa makusudi.

Alhamisi, 14 Novemba

Siku ya mtihani, ofisi imefunguliwa saa nne ili barabara ziachiwe wanafunzi. Mkuu Tak hakugusa kompyuta. Ulipofika muda wa wanafunzi kusikiliza Kiingereza, muda ambao hata ndege haziruhusiwi kupaa, akasimama dirishani akatazama anga tupu kama mlinzi.

"Umeshachagua?" akaniuliza bila kugeuka. Nikasema bado, Mkuu. Akacheka. "Usicheze kamari kamwe, binti. Uso wako unataja karata zote."

Ijumaa, 15 Novemba

Naandika kwenye simu, ngazi za dharura, ghorofa ya saba. Mapumziko.

Nimesema. Sauti haikuwa yangu. Nimesema njia ya tatu, nikaeleza kunakili, nikaeleza folda, nikaeleza mistari iliyopotea bila kumtaja aliyenakili. Wote wakamtazama Maeng. Maeng akatazama maji yake. Alikuwa karibu kutabasamu, niliona.

Ndipo Mkuu Tak akanyanyua mkono. "Aliyenakili ni mimi. Anajua mwenyewe, kanificha. Karani yuko sahihi. Nipeni mimi niiandike. Kila ujinga ulio ndani ya yale mafaili naujua, niliuweka mwenyewe. Yeom anisimamie, anikaripie, anipige rula akitaka."

Bi. Yeom akasema, "Nakubali." Palepale! Hata pumzi hakuvuta.

Maeng akasema tupumzike kidogo.

Akanifuata hadi kwenye mashine ya kahawa. Sauti ya chini kabisa, ya upole. Nirudi ndani niseme kwamba kwa majaribio yangu kazi hii inataka mtu mmoja, kijana, Yeom peke yake. Hivyo tu, sentensi moja. Nikasema, "Bosi, nilipima njia. Sikupima watu." Sijui nilipata wapi mdomo huo! Akanitazama kana kwamba printa imemjibu. Akasema mkataba wangu uko mezani kwake, leo hii angependa kuutia sahihi. Akaondoka na kahawa yangu.

Sentensi moja. Mama angesema iseme. Nafikiri angesema iseme. Naijaribu hapa niione ilivyo: Kwa majaribio yangu nime

Mlango wa ngazi. Ni Mkuu Tak. "Binti, unaandika barua ya mapenzi huku? Njoo bwana, Meneja anasema una la kuongeza." Ameushika mlango kwa mguu. Ana wino wa kalamu ya ubao mpaka kwenye mkono wa shati — kumbe ameshaanza kuuchora mradi mpya ubaoni. Sentensi ile siimalizi.