Gauni Lililogoma Kuvuliwa

Nyumbani, nyuma ya duka la Mama,
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. U hali gani huko? Mguu umepona, au baridi bado inauchokoza? Huku sote wazima, ila mwanao, kaka yangu, anaugua maneno.

Tangu Mama amwachie duka la ushonaji, hashiki mkasi. Anashika brashi na rangi. Mama alishona miaka yote hiyo bila hata jina mlangoni, na wateja hawakukauka. Nilipomkumbusha, akanijibu, "Dada, biashara siku hizi ni kaulimbiu." Anajiona mwerevu, na suruali yake mwenyewe imefumuka makalioni!

Mwishowe akaandika kwa herufi nyekundu: UKIIVAA, HUTAIVUA. Ukutani, dirishani, kwenye kibao cha mlangoni, hadi kwenye mifuko. Watoto wakaiimba mtaani, naye akatembea kifua mbele kama jogoo anayedhani jua linachomoza kwa ajili yake.

Basi binti wa muuza mkaa akaleta kitambaa alichoachiwa na marehemu mama yake, ashonewe gauni la harusi. Kaka alikuwa anatangaza, hana nafasi ya kushona. Gauni akalilipua, zipu akatia ya ovyo. Harusi ilipokwisha, zipu ikagoma: haipandi, haishuki. Mashoga wakavuta, mama mkwe akavuta. Ikabidi gauni likatwe mgongo mzima, bibi harusi analia.

Kesho yake baba yake akaja na matambara mkononi. Hakupiga kelele. Alisoma ukuta, akasema, "Kweli, ahadi mmetimiza." Mtaa ukaangua kicheko, Kaka akafunga mlango. Na unajua alisema nini? "Angalau kaulimbiu wameishika." Shangazi, kibao cha dukani anacho, nilitamani kumwongezea cha shavuni.

Mama alivaa miwani, akatandaza matambara mezani, akaanza kufumua, aone kama kitatoka japo kipande cha kumshonea yule binti vazi jingine.

Jana Kaka akavuta kigoda, akaketi kando yake, akashika wembe wa kufumulia. Hadi jioni hakufungua mdomo. Ndiyo mara ya kwanza nimemwona akifanya kazi bila kuitangaza.

Nibusie wajukuu wote. Wifi yako anakusalimu sana. Mungu akujalie afya, na akuzungushie watu wa vitendo.

Akupendaye daima,
Binti wa kaka yako