Kondoo Tisini na Tisa wa Mikumi

Mpwa wangu Neema,

Marahaba! Najua shikamoo umeitoa ulipoona tu mwandiko wangu. Jumapili wafugaji wa huku Mikumi walinikaribisha kanisani kwao, nami nikajitapa kwamba ukoo wetu ni wa wahubiri. Wakanipa mimbari! Nikawahubiria mfano wa Yesu wa yule mchungaji aliyeacha kondoo tisini na tisa akamtafute mmoja aliyepotea. Nilinguruma mpaka simba wa hifadhini wakanyamaza.

Mzee mmoja akasimama na fimbo yake. “Mgeni, hao tisini na tisa alimwachia nani? Fisi wa hapa wangewamaliza. Huyo mchungaji wako ni mzembe.”

Kanisa zima likanikodolea macho. Jasho lilinitoka, Neema, maana kumtetea Yesu mbele ya wenye mifugo si mchezo.

Mama mmoja aliyekuwa ananyonyesha akacheka. “Aliwaachia wenzake wa rika, baba. Nani anaondoka malishoni bila kuwaambia wenzake? Walioachiwa ndio sisi.”

Amina zikavuma. Nami nikapaza sauti, “Hapo hapo ndipo nilipokuwa naelekea!”

Waulize walimu wako wa chuo cha uchungaji kama hilo wanalijua. Na bibi yako nimekuachia wewe, mchunge vizuri mpaka nirudi.

Mjomba wako, mhubiri