Gugu langu limepewa namba

Alhamisi. Manyunyu tangu asubuhi, ziwa limefichwa na ukungu.

Nakiri. Jana nilichapa hadithi yangu kwa printa ya ofisi. Ni sehemu ya saba, ile ambayo adui anaachia silaha yake ndani ya chombo cha angani: gugu lenye ua la zambarau, mjukuu wa magugu maji yetu, linalotoa sumu kila linapoguswa. Ukurasa mmoja ukajichanganya na barua za maombi ya viwanja vya Igoma. Na mimi, karani wa masijala ninayejisifia umakini, nikautoboa, nikauandika namba 47 kwa wino mwekundu, nikapandisha jalada kwa bosi.

Leo jalada limerudi na dokezo la Mama Koku, mkuu wetu: "Karani. Ukurasa 47. Tuonane."

Niliacha chai mezani. Mwezi ujao namaliza kipindi cha majaribio.

Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua macho.

"Hili gugu lako linasogeaje?"

"Linaelea tu, mama."

"Mimi nimekulia mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, binti. Magugu yanasukumwa na upepo. Asubuhi maji meupe, mchana mitumbwi haina pa kupita. Huko angani upepo unatoka wapi?"

Nilitaka kuomba msamaha. Mdomo ukasema kingine.

"Kwenye feni, mama. Zile zinazozungusha hewa ya chombo. Wanaanga wakizizima, gugu linasimama, ila na wao wanakosa pumzi."

Sikuwa nimeliwaza hilo hata mara moja kabla ya hapo. Naapa.

Mama Koku akavua miwani. "Ehe. Sasa hiyo ndiyo silaha."

Nikapata ujasiri wa kuomba nichomoe ukurasa wangu.

"Uchomoe? Si umeupa namba mwenyewe? Karatasi yenye namba haitoki kwenye jalada. Masijala ulifundishwa na nani?" Akaandika pembeni "Imeonekana", akasaini. "Karatasi za serikali usirudie. Na lete fomu yako ya kuthibitishwa kazini. Kichwa unacho, macho ndiyo hayatulii."

Nilicheka nikiwa nimeshafika kwenye korido, peke yangu.

Bado ni mwoga. Nimekagua mlango mara mbili kabla ya kuandika haya. Lakini kati ya barua ya kiwanja na mchoro wa ramani, gugu langu limekaa, lina namba, lina saini ya mkuu.

Ni nani mwingine Mwanza hii aliyesajili silaha yake serikalini bila hata kujaza fomu?