Uzito wa Mashine ya Baba

Jumapili, 5 Mei 2024
Saida kapiga simu kutoka Iringa analia. Ndoa yake ni Jumamosi ya tarehe 25, na Baba kasema hatamwozesha yeye mwenyewe. Kazi hiyo kamwachia baba mdogo. Nikauliza kisa nini. Kisa ndevu!

Tangu kiharusi cha Januari mkono wa kulia wa Baba hauna nguvu. Kajaribu kujinyoa kwa kushoto, kajikata. Kwa kinyozi hataki, ile mashine ya umeme inamtoa vipele. Kaka yetu Shamsudin alitoka Mafinga kumsaidia, akamkata kidevuni, na tangu hapo Baba hataki mkono wa mtu usoni kwake. Sasa ndevu zimeota hovyo, na mtu aliyenyoa kila asubuhi tangu sijazaliwa anasema hatakaa mbele ya watu vile.

Nimemwambia Saida anitumie ile mashine ya wembe ya Baba. Kaniuliza ya nini. Nikamwambia we tuma tu.

Jumanne, 7 Mei
Imefika kwangu Uyole, Mbeya, kwa basi, imefungwa ndani ya soksi. Nzito! Chuma kitupu. Unazungusha mpini, kichwa kinafunguka, unalaza wembe katikati, unakaza. Nilikuwa naiona dirishani kwa Baba utotoni, ila sikuwahi kuigusa. Tulikatazwa.

Nimejaribu mguuni kwangu. Nimejikata muundi. Nimezoea vile viwembe vya plastiki vya kutupa, ambavyo ukikandamiza vinakubali. Hii ukiikandamiza inakula nyama.

Alhamisi, 9 Mei
Nimemwomba Anwari uso wake. Mume wangu si mwoga, anauza spea za malori, anabishana na madereva kutwa nzima. Lakini leo kakaa kwenye stuli kafumba macho, midomo inacheza. Nikamuuliza anasoma nini. Kasema shahada, tahadhari tu.

Shavu la kwanza zuri. La pili nimemkata chini ya sikio. Kaenda dukani na kipande cha tishu kimegandia. Jioni kanisimulia kwamba Saulo wa duka la jirani kamuuliza taratibu kama nyumbani kuna amani.

Jumatatu, 13 Mei
Kidogo afadhali. Shida yangu ni mkono: nashika karibu na kichwa, kama nashika kisu cha kumenyea viazi. Kisha kichwa kinalemea mbele, nami nakaza zaidi ili kisilemee, ndipo kinapokata.

Leo nimeilaza juu ya kidole kutafuta inaposimama sawa. Siyo katikati! Ni juu, karibu kabisa na kichwa. Uzito wote uko kule. Nimekaa nayo jikoni mpaka maharage yameungua.

Baba kapiga. Kalalamika kwamba kuna mtu kamwibia mashine. Nikasema pole Baba. Kasema hata kama haitumii ni yake.

Ijumaa, 17 Mei
Nimeipata! Unashika chini, kwenye mkia wa mpini, kwa vidole vitatu, legelege, kama kijiko cha uji unapomlisha mtoto. Huisukumi. Unaigusisha tu, kichwa kinashuka chenyewe kwa uzito wake. Hatua fupi fupi. Inatoa sauti ya kukwaruza kidogo, kama mtu anakwangua sufuria kwa mbali.

Anwari hakufumba macho leo. Nilipomaliza kajipapasa, kaenda kwenye kioo, karudi kapapasa tena. Kaenda msikitini kanyoosha shingo kama bwana harusi.

Ila mashavu ya Anwari yamejaa. Ya Baba yamelegea, hasa upande wa kulia uliovutwa na ugonjwa. Sina pa kujifunzia hilo.

Alhamisi, 23 Mei
Iringa. Baridi ya hapa haina tofauti na ya Mbeya, ila watu wake wanabisha. Nyumba imejaa. Shangazi zangu wanachambua mchele uani. Baba kanipokea vizuri, kauliza hali ya Anwari, ya duka, ya barabara. Kakonda. Ndevu nyeupe zimemfika kooni, anazificha kwa kashida ya marehemu mama.

Nikaitoa ile soksi kwenye mkoba. Kaijua kabla sijaifungua. Nikamwambia nimejifunza.

Akasema, "Kudra, mimi si mtoto mchanga wa kunyolewa nywele za arobaini."

Kaenda zake uani. Sikumfuata.

Ijumaa, 24 Mei
Saida hajala tangu jana. Hamsemi Baba vibaya, ila nimemkuta chumbani kashika kanzu mpya aliyomshonea Baba. Kasema baba mdogo ni mtu mwema, hana neno naye. Lakini akiulizwa nani kakuozesha, ajibu baba mdogo, na baba yake yuko hai chumba cha pili?

Alasiri Baba kaniita. Kashika mashine kwa mkono wa kushoto, anaipima juu juu. Kanipa. Kakunja mkono wa shati kwenye ule mkono mbovu, kauweka mezani, kaniambia nimnyoe hapo, ana sabuni.

Nikashika chini ya mpini. Nikagusisha. Malaika wa mkono wakatoka safi, ngozi haikushtuka.

Kauliza nani kanifundisha kushika hivyo. Nikamwambia uso wa Anwari. Nikamsimulia ile tishu, na Saulo, na shahada. Kacheka! Upande mmoja tu wa mdomo, lakini kacheka, mabega yakatikisika.

Kisha kaona aibu, kajifuta. Hakusema ndiyo. Kasema maji yawe ya moto kesho.

Jumamosi, 25 Mei
Nimejifungia naye chumbani tangu baada ya chai. Nje kumejaa. Baba mdogo kaja na kanzu na koti, yuko tayari kwa lolote. Sheikh yuko njiani.

Nimeanza na taulo la moto, kisha mkasi, kisha povu. Kanishika kifundo cha mkono mara moja, mwanzoni, kaachia. Nimeanza upande wa kushoto, ule mzima. Shavu, taya, chini ya sikio. Hata tone. Sura ya Baba imerudi, lile shimo lake la kidevu ambalo Saida kalirithi.

Nikasuuza wembe nihamie kulia. Nikamwambia sasa huku, Baba, nitavuta ngozi kidogo. Kimya. Nikadhani kakasirika. Nikainama.

Kalala. Kichwa kimeegemea mkono wangu kabisa, mdomo wazi kidogo, anakoroma taratibu. Saida anasema tangu Januari usingizi wake ni wa kuokoteza. Nimetelezesha mto pale nilipotoa mkono, nimekaa ukingoni mwa kitanda, naandika ili nisimwamshe na nisilie.

Baba mdogo kagonga, kauliza ndiyo au hapana. Nikatoa komeo polepole asigonge tena. Kisha Saida kachungulia, hina mikononi, kanga imefunika nywele. Kaangalia ule upande ulionyolewa. Kaangalia sana. Kafunga mlango polepole, na sasa namsikia kwenye korido anamwambia baba mdogo kwamba sheikh akifika apewe chai kwanza, na vitumbua, na asiharakishwe. Baba bado amelala. Povu la upande wa kulia linaanza kukauka. Akiamka nitapaka jingine.